Kuvu inayompagawisha nzige

MSOMAJI, ikiwa hujawahi kufika Garissa, basi jua ndilo mwenyeji wa kwanza atakayekupokea. Basi likitoka Nairobi alfajiri hupitia Thika na Mwingi, likaviacha vilima vya Ukambani nyuma, na kuteremka kwenda Ukasi na Bangale ambako mashamba ya mahindi hukoma na vichaka vya migunga huanza. Baada ya kilomita zipatazo 370 unapita Madogo, unavuka daraja la Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote nchini, na tayari umefika. Joto la digrii 35 mchana si habari ya kumshangaza mtu hapa. Wenyeji watakupa chai ya maziwa iliyokolea sukari, nawe utashangaa jinsi inavyokata kiu.

Wengi huenda Garissa kwa ajili ya soko lake la mifugo, mojawapo ya masoko makubwa Afrika Mashariki. Wengine huenda kuwaona twiga wa Bour-Algi, nje kidogo ya mji. Leo nakuomba tuinamishe macho, tuwatazame wadudu wa nyika hii na adui wao mmoja asiyeonekana kwa macho. Adui huyo ni kuvu, nasaba moja na ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala.

Ili uelewe kwa nini kuvu ina maana kwa mfugaji wa Garissa, kumbuka yaliyotokea juzi juzi tu. Mwaka wa 2018 tufani mbili, Mekunu na Luban, zilinyesha mvua katika jangwa la Rub al-Khali, huko Oman na Yemen. Mchanga uliloa, majani yakaota, nzige wakazaana kizazi baada ya kizazi. Walivuka bahari hadi Pembe ya Afrika, na tarehe 28 Desemba 2019 wakaingia Kenya kupitia Mandera na Wajir. Baada ya muda mfupi Garissa nayo ilikuwa chini ya wingu hilo. Ilisemekana baa la namna hiyo halikuwa limeonekana nchini kwa miaka 70.

Nzige mmoja mzima ana uzani wa gramu mbili hivi, naye hula chakula cha uzani wake kila siku. Kundi la ukubwa wa kilomita moja ya mraba, kwa hesabu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), hula kwa siku moja chakula cha kuwatosha watu 35,000. Lakini mfugaji hahesabu kwa sahani. Yeye hutazama jani la mgunga ambalo ngamia wake angelila kesho. Jani likienda, maziwa yanakauka, na maziwa yakikauka watoto wanalala njaa. Ndiyo maana neno ayax, jina la nzige kwa Kisomali, si neno la mzaha katika boma.

Serikali ilipeleka ndege na vijana wa NYS waliobeba mitungi ya dawa mgongoni. Dawa zilizotumika zaidi zilikuwa sumu za viwandani. Sumu hizo huua upesi, na nzige walipokuwa tayari hewani hapakuwa na muda wa kuchagua. Hata hivyo, sumu haina macho. Humwua nzige, humwua pia nyuki. Nao watu wa Mwingi, uliowapita njiani ukija Garissa, hutegemea asali. Malisho yaliyonyunyiziwa hayafai kulishwa mifugo mpaka siku kadhaa zipite. Naye nzige, ambaye ni halali kwa Mwislamu kumla, hugeuka kuwa sumu mkononi mwa mtoto anayemwokota.

Sasa tuijie kuvu yetu. Wataalamu huiita Metarhizium acridum. Huishi kwa kuwavamia nzige na panzi, basi. Nyuki, mbuzi na binadamu haiwataki. Kuanzia mwaka wa 1989 hadi 2002, mradi wa kimataifa uitwao LUBILOSA uliifanyia kazi mpaka ikawa dawa. Mbegu yake ya awali ilipatikana Niger, katika mwili wa panzi. Ujanja wao ulikuwa kuzichanganya chembe za kuvu na mafuta badala ya maji, ili ziweze kufanya kazi hata pakavu. Dawa hiyo ilipewa jina la Green Muscle, kwa kuwa mzoga wa nzige ukipata unyevu hufunikwa na unga wa kijani.

Chembe ikimwangukia nzige hunata kwenye gamba lake, humea, hutoboa na kuingia ndani. Humo hujilisha damu yake na kuongezeka. Baada ya siku chache nzige huyo si yule tena. Hamu ya kula humpungua, kuruka humshinda, huachwa nyuma na wenzake na kuwa kitoweo rahisi kwa ndege. Kifo humfikia baada ya wiki moja hadi tatu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba nzige hukubali kufa kimya. Akishaambukizwa hutafuta jua kuliko kawaida, akakaa mahali peupe na kuuota mpaka mwili wake ukapanda joto kupita kiasi anachokipenda akiwa mzima. Hiyo ni homa ya kujitafutia! Kuvu hustawi kwenye joto la digrii 25 hadi 30, na mwili wa nzige ukizidi digrii 38 hivi kukua kwake karibu kunasimama. Nzige mwenye homa huishi siku zaidi, na huenda akawahi kutaga. Jua la Garissa, basi, ni hospitali ya nzige. Lakini usiku hauna jua. Joto hushuka, nayo kuvu huendelea na kazi yake pale ilipoachia.

Ziko jamaa za kuvu hii zilizo na hila zaidi. Entomophaga grylli humfanya panzi apande hadi ncha ya jani, akumbatie shina kwa miguu na kufia hapo hapo, kichwa kikiwa juu. Kutoka kileleni hapo chembe hupeperushwa na upepo kuwaangukia panzi walio chini. Katika misitu ya Thailand na Brazil kuna Ophiocordyceps, inayomtoa chungu katika kundi lake, ikamwongoza hadi kwenye jani, akaling'ata na kufa. Kisha mche wa kuvu huchomoza kutoka mwilini mwake. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba kuvu hiyo huizingira misuli ya chungu bila kuingia ubongoni. Watu wa pwani wangesema amepagawa.

Mmoja wa wanasayansi waliomchunguza chungu huyo ni David Hughes wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Mwaka wa 2020 kikundi chake cha PlantVillage kilishirikiana na FAO kutengeneza programu ya simu iitwayo eLocust3m, ambayo wapelelezi wa nzige kaskazini mwa Kenya waliitumia kueleza kundi limetua wapi.

Je, kuvu imewahi kufaulu karibu nasi? Naam. Mwaka wa 2009 ilinyunyizwa dhidi ya nzige wekundu magharibi mwa Tanzania, katika nyanda za Iku-Katavi na bonde la Malagarasi, na baa likazuiwa kabla ya kuenea. Mwaka wa 2020 majirani zetu wa Somalia, ambao mifugo ndiyo uhai wao, waliitegemea kuvu katika vita vyao dhidi ya nzige.

Hapo ndipo penye funzo kwa Garissa, Wajir na Mandera. Silaha inayochukua wiki mbili haimfai mtu ambaye wingu limeshatua juu ya malisho yake. Inamfaa anayewakuta tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, wakiwa bado wanarukaruka ardhini. Kwa hiyo macho ya mchungaji anayepita nyikani kila siku, na simu iliyo mfukoni mwake, ni sehemu ya dawa. Kuvu nayo haina budi kuwa imenunuliwa na kuwekwa ghalani kabla ya mvua, si baada ya kilio. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wa mwaka wa 2020 ulijengwa kwa sumu.

Nawe, msomaji, ukisafiri huko baada ya mvua, nyasi zikiwa kijani na mikoma ya Tana imenawiri, tembea polepole. Ukimwona panzi mkavu amekumbatia ncha ya jani, usimpanguse. Mwache hapo: mzoga wake bado una kazi.