Taa za Diwali katika nyumba za mbao za Munigi



Wiki hii tunawaletea habari ya taa ndogo ya mafuta ambayo Wahindi wanaiita diya. Tulishuka mjini kujifunza kuitengeneza, tukarudi nayo Munigi, na sasa kila mama anaweza kuijaribu kwake. Ni taa ya kupendeza, lakini sisi tunaolala katika nyumba za mbao hatuwezi kuzungumza juu ya taa bila kuzungumza juu ya moto. Kwa hiyo tafadhali msome hadi mwisho kabla ya kuwasha kiberiti.

Kutoka Munigi kwenda mjini ni mteremko. Barabara ya Rutshuru inapita juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita hapa kwetu, ikaingia mjini na kufika hadi ziwani. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, jirani zetu. Ndiyo maana ukilima Munigi jembe linagonga jiwe haraka, na udongo wa kufinyangia hatuna. Diya ya asili hufinyangwa kwa udongo. Swali letu njiani lilikuwa hilo: sisi watu wa mawe tutatumia nini?

Tulikuwa wamama sita. Tulipita Majengo, tukaingia soko la Virunga kununua pamba na mafuta ya mawese, kisha Birere na katikati ya mji, mpaka Himbi upande wa ziwa. Hapo alitupokea mama mmoja wa jamaa ya wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat, huko India. Wateja wote wanamwita Mama wa Duka, nasi tukamwita hivyo. Kiswahili chake ni kile kile cha Goma.

Wengi wetu tuliwajua Wahindi kwa njia ya wanajeshi wa India waliokaa Kivu ya Kaskazini miaka mingi pamoja na MONUSCO, na hospitali yao ya kijeshi hapa Goma. Sikukuu yao hatukuijua. Mama wa Duka alitueleza kwamba Diwali huangukia usiku usio na mwezi, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Jina lake linatoka katika neno la Kisanskriti lenye maana ya safu ya taa. Nyumba inasafishwa kila pembe, mlangoni panachorwa maua kwa unga wa rangi, peremende zinagawiwa kwa majirani, na giza linapoingia taa zinapangwa kwa mstari kwenye vizingiti na kuta. Kwa Wahindi wengi usiku huo ni wa kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa baraka na mali. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua madaftari mapya ya hesabu. Ndivyo inavyofanyika Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam.

Kuna pia kisa cha Rama, mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao akaishi porini miaka 14. Aliporudi Ayodhya, watu walimwashia taa ili aione njia. Mmoja wetu, aliyekimbia Rutshuru mwaka 2022 na watoto wanne akapitia kambi ya Kanyaruchinya, aliuliza: "Mama, huyo aliporudi, alikuta mahali pake papo?" Mama wa Duka akajibu kwamba mdogo wake Rama alikataa kukalia kiti cha ufalme. Aliweka juu yake ndara za kaka yake, akamtunzia mahali pake miaka yote hiyo. Tulinyamaza kidogo. Kisha akaongeza habari ya watu wake mwenyewe: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Miaka ya 1990 baadhi yao walianza kurudi, na taa zikawaka tena Kampala.

Sasa tuje kwenye kazi. Kuhusu udongo alicheka tu: kwao pia wako wanaotengeneza diya kwa unga wa ngano. Kwa taa kumi hivi chukua unga vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja na maji kikombe kimoja. Changanya unga na chumvi kwanza, kisha tia maji kidogo kidogo huku ukikanda, mpaka donge lisishike mikononi. Kata vipande vya ukubwa wa yai. Bonyeza kila kipande katikati kwa kidole gumba upate kibakuli, fanya kitako kiwe bapa ili kisiyumbe, kisha bana ukingo upande mmoja upate mdomo wa kulaza utambi. Urembo unawekwa sasa, donge likiwa bichi: alama za uma, punje za maharage, au maua kama yale ya kitenge chako. Watoto wataifurahia sana sehemu hii. Waambieni tu kwamba donge hilo lina chumvi nyingi, haliliwi.

Mvua ya Oktoba haituachii jua la kutosha. Panga taa kando ya mbabula yenye makaa yanayofifia, uzigeuze, kwa siku mbili au zaidi, mpaka ziwe ngumu kabisa.

Tunajua pia kwamba unga ni chakula. Usiwanyime watoto mkate kwa ajili ya taa. Tumia unga ulioingiwa na wadudu, au ganda la nusu chungwa lililotolewa nyama yake, ambalo linashika mafuta vizuri usiku mmoja.

Utambi ni pamba iliyosokotwa kwa viganja, urefu wa kidole. Mafuta ya mawese huganda kwa baridi yetu ya hapa, basi weka chupa katika maji ya moto yayeyuke. Jaza taa isifike ukingoni, lowesha utambi wote, na uache ncha fupi tu nje. Ncha ndefu inaleta moshi.

Na sasa moto. Usitie kamwe peteroli wala esansi katika taa hii iliyo wazi. Mvuke wake unashika moto upesi. Iweke nje ya nyumba, juu ya jiwe la lava lililo bapa au sahani yenye mchanga, mbali na mbao, pazia, neti na turubai. Unga uliokauka unaweza kuvuja mafuta, ndiyo sababu ya sahani. Mtu mzima akae hapo mpaka mwisho, na hakuna anayelala taa ikiwaka. Mafuta yakishika moto usimwage maji, yatarusha moto kila upande. Funika kwa kifuniko cha sufuria au mwaga mchanga. Kwetu ambako maji ni ya kubeba kwa bidoni, ndoo ya mchanga mlangoni ni jambo la busara kila siku. Nyumba zetu zimebanana: moto wa jirani ni wako pia.

Wamama wengine wametuuliza kama Mkristo au Mwislamu anaweza kuwasha taa ya namna hii. Sala ni ya Wahindi, tunawaachia wenyewe kwa heshima. Sisi tumechukua ufundi, pamoja na desturi ya kumwangazia njia anayerudi. Katika kila safu ya nyumba za Munigi kuna jamaa inayongojea mtu, au inayongojea kurudi kwao.

Katika mkutano wetu ujao tutatengeneza pamoja. Mwenye unga mbovu alete, mwenye pamba alete, na kila mmoja abebe jiwe lake bapa. Mawe, asante Mungu, hatukosi.