Masizi

Baba alilinda duka Posta, jirani na Sanamu ya Askari, yule wa shaba aliyesimama pale tangu 1927 na bunduki isiyojua masizi. Shotigani ya baba nayo ilikuwa ya kufutwa vumbi tu, mpaka usiku alipofyatua. Hewani, alituambia. Mama hakuuliza mara ya pili.

Gobore la babu lilisafishwa kwa maji ya moto. Masizi ya baruti nyeusi huyeyuka. Baruti ya siku hizi haina habari na maji. Kaboni yake hung'ang'ania mtutuni, inataka mafuta, brashi ya waya na muda wa kulowana.

Asubuhi nilimpelekea chai stoo ya silaha. Kitambaa kilitoka cheusi, akatia kingine. Cha saba kilitoka cheupe. Akaendelea kusugua, chai ikapoa.