Asmini ya Mama

Mama yetu alipofariki alituachia mti mmoja wa asmini ndani ya chungu. Hapa Fundo tuliutunza kama mgonjwa: kivulini, maji asubuhi na jioni. Majani yakanawiri, lakini mwaka mzima hatukuona ua. Tulihuzunika kana kwamba mama amefariki tena.

Jirani yetu akatuambia, "Nyinyi wauguzi mnaudekeza. Utoeni juani, mkate matawi." Mkasi mkononi, tulisita. Kumbe asmini huchanua kwenye machipukizi mapya! Tukapogoa, tukamwagilia udongo ulipokauka tu.

Wiki chache baadaye, jioni moja, harufu ile ya chumbani kwa mama ikatujia. Dada, wako ukigoma, usiutupe. Jaribu kwanza jua na mkasi.