Ulikuwepo, Hukusaidia

Aveba, tarehe 9 mwezi wa tano

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya kuomba kazi imenifikia juzi kwa mkono wa kijana wa pikipiki, imekunjwa ndani ya daftari, na vumbi la Bogoro juu yake. Umeniomba nisome Kiingereza chako kabla hujaipeleka ofisini huko Bunia. Nimesoma mara tatu. Mwandiko ni mzuri kuliko wangu. Lakini nimekwama mahali pawili, na pote pawili ni kwa sababu ya neno lilelile.

Kwanza umeandika: "On 28 February 2020 I assisted the signing of the peace agreement in Gety." Nilicheka mpaka mama yako mkubwa akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Siku ile ulikuwa mwanafunzi, umesimama juani na wenzako wa darasa, mnatazama wakubwa wa serikali na wakubwa wa kundi la wapiganaji la FRPI wakitia sahihi. Anayejua Kiingereza akisoma hivyo ataelewa kwamba wewe ndiwe uliyewasaidia kupatana, au angalau uliwashikia kalamu.

Pili umeandika: "As a child I assisted the attack of our village." Hapo sikucheka. Najua ulitaka kusema ulikuwepo, uliona nyumba ya nyanya yako ikiungua. Maneno uliyoandika yanasema uliwapa mkono walioichoma.

Najua pia ulikolitoa neno hilo "assist". Umelitoa katika Kifaransa cha shuleni, tena kwa haki kabisa. "Assister à une réunion" ni kuwepo mkutanoni. Ukiondoa ile "à" ndogo, "assister un malade" ni kumsaidia mgonjwa. Kifaransa kimeacha maana mbili zilale nyumba moja, kikaweka herufi moja mlangoni kama mlinzi. Kiingereza cha leo kimebaki na ile ya msaada tu. Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, na huko lilimaanisha kusimama karibu. Sasa aliyesimama karibu, je, alitazama tu au alitoa mkono? Kila lugha ilijibu kivyake.

Usidhani nakusahihisha kwa kiburi. Kosa hili nililifanya mimi kabla yako, na mimi nilipewa pesa kulifanya. Miaka ile nilikuwa natafsiri siku mojamoja kwa askari wa kigeni waliokuwa wakipita huku. Asubuhi moja waliniletea kijana mwenye kofia ya sufu, viatu mkononi, wakataka aeleze alichokiona sokoni siku watu walipoporwa. Yeye alisema kwa Kiswahili, vizuri kabisa: "Nilikuwepo." Mimi, kichwa changu kikapitia Kifaransa kwanza, "j'ai assisté", kisha nikaruka mpaka Kiingereza: "He says he assisted." Afisa aliacha kuandika. Akamtazama kijana, akanitazama mimi, akauliza tena taratibu: "He assisted?" Nikajibu yes, kwa furaha, nikidhani anasifu matamshi yangu. Kijana alikaa pale mpaka jioni, chini ya mwembe, bila chakula, mpaka mtafsiri mwingine alipofika na kumuuliza upya. Aliachiwa. Viatu alivisahau, na mimi ndiye niliyempelekea kwao kesho yake. Mama yake alivipokea, hakuniambia neno, wala hakunikaribisha kukaa.

Kwa watu wa Aveba tofauti hii si ya kamusi tu. Unajua kwamba Germain Katanga, yule kamanda wa wapiganaji, alikuwa na makao yake hapahapa, na kwamba mwaka 2014 mahakama ya The Hague ilimhukumu miaka 12 kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Sitaingia katika ubishi ambao kila mzee hapa ana upande wake. Nakuonyesha jambo moja: mahakimu walimhukumu kama mtu aliyechangia uovu wa wengine, na katika mchango huo walitaja silaha zilizofika Aveba zikagawanywa. Kusaidia ni neno linalompeleka mtu gerezani. Kuwepo halimpeleki. Wewe umeyachanganya katika barua ya kuomba kazi ya kuandika orodha ya maharage!

Basi rekebisha hivi. Kwa sherehe ya Gety andika "I attended". Ndiyo, najua linakutisha, kwa sababu "attendre" kwa Kifaransa ni kungojea, na utahisi unamwambia mtu kwamba uliingojea sherehe. (Kwa jinsi wakubwa walivyochelewa siku ile, hata hiyo ingekuwa kweli.) Usijali, andika tu. Kwa shambulio usiweke "attended", maana hiyo ni ya mkutano, misa, masomo, mazishi, mahali mtu anapokwenda kwa kupenda. Weka "witnessed", yaani ulishuhudia. Au andika kawaida kabisa, "I saw", na hakuna atakayekulaumu.

Uone kwamba Kiswahili chako kilikuwa na yote matatu tangu utotoni: kuhudhuria, kushuhudia, kusaidia. Ungeanzia huko usingepotea. Tabia yetu ni kufika kwenye Kiingereza kwa kupitia Kifaransa kwa sababu maneno yanafanana sura, nasi tunaamini sura. Ukikutana na neno la Kiingereza linalofanana na la Kifaransa, ndipo ufungue kamusi, hata kama unadhani unalijua. Hasa kama unadhani unalijua. Usisome maana tu, soma sentensi ya mfano iliyo chini yake, kisha ulitungie yako juu ya kitu cha nyumbani. Kwa "assist" wewe unao mpira: wenzetu wa Uganda huita hivyo pasi inayozaa goli. Mshabiki aliyekaa pembeni na karanga zake hana "assist" hata moja, ingawa alikuwepo dakika zote 90.

Andika upya usiku huu, umpe kijana wa pikipiki kesho asubuhi, nimekwisha kumlipa nauli ya karatasi. Na mahari ya dada yako ni Jumamosi ijayo. Mama yako mkubwa ananisukuma niongeze hapa kwamba safari hii usije kuhudhuria tu. Sufuria ni 6 na vitunguu bado havijamenywa.

Baba yako mkubwa