Televisheni yetu, fundi wetu na deni letu

  Sisi ni walimu wa kujitolea wa masomo ya jioni.

Mwezi huu tumeomba nafasi tuandike juu ya televisheni, namna ya kuitunza ikishatoka kwa fundi ili isirudi kwa fundi mapema. Wengi mmetuuliza jambo hilo. Lakini hatuwezi kulieleza bila kuanza na kosa letu wenyewe, maana haya tunayoyajua tuliyapata kwa aibu, na kuna mtu tunamdai msamaha mbele yenu.

Mnaikumbuka ile televisheni ya chogo ya inchi 21 inayokaa darasani kwetu. Ni mali ya mama mmoja wa kijiji chetu ambaye alituazima, eti afadhali isaidie watoto kuliko kukaa chini ya kitanda. Tulikuwa tunaifunga na deki, wanafunzi wa sekondari wanaangalia masomo ya kemia na fizikia. Hapa hatuna maabara. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa taifa anasoma habari za asidi na besi bila kuona hata chupa moja. Kwenye kioo aliona maji yakibadilika rangi, akaelewa kwa dakika tano kitu tulichokieleza wiki nzima.

Jioni moja picha ikajikunja, ikawa mstari mmoja mweupe, halafu giza. Tukapita nyumba kwa nyumba. Familia 50 zilitoa shilingi 500 kila moja, nyingine zikiuza mahindi kidogo ili zitoe. Zikapatikana 25,000. Fundi, mkimbizi mwenzetu anayefanyia kazi barazani kwake, alibadilisha transista moja na kapasita mbili, akaturudishia televisheni inawaka vizuri. Siku hiyo watoto waliimba njia nzima.

Haikumaliza wiki tatu. Ikazima tena, vilevile.

Hapo ndipo tulipokosa. Mmoja wetu alisema mbele ya watu, bombani, kwamba fundi ametoa vifaa vizima akaweka vya zamani. Wengine tulisikia tukanyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Maneno ya bombani hayahitaji miguu. Kesho yake watu wawili walikwenda kuchukua redio zao kwa fundi kabla hazijatengenezwa. Baada ya wiki baraza lake lilikuwa tupu, na yeye ana watoto wanne.

Hakuja kugombana. Alikuja jioni na mfuko wake wa vifaa, akaamkia wazee, akatuomba tumwite mwenye televisheni na majirani. Akasema, "Balimu, nitaifungua hapa hapa, kila mtu aone." Alipoifungua tuliona vipande vyake vipya viko pale pale, vimeungua. Halafu akatuuliza maswali matatu tu.

La kwanza: "Gurupu munazima namna gani?"

Tukatazamana. Jenereta tulikuwa hatuizimi. Petroli ni ghali, kwa hiyo tuliiacha inywe mpaka tone la mwisho, ikikata ndiyo somo limekwisha. Kumbe petroli inapokaribia kwisha injini inakohoa: inapunguza mwendo, inakimbia, inapunguza tena. Umeme nao unashuka na kupanda hivyo hivyo, na televisheni inawaka wakati wote huo. Akatuambia kila jioni tulikuwa tunaipiga kofi.

La pili: "Juu yake munaweka nini?"

Mama mwenye televisheni akainamisha kichwa. Alikuwa ameifunika kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono, chenye maua, kwa heshima. Kilikuwa kimeziba matundu yote ya juu na ya nyuma. Joto halikuwa na pa kutokea.

La tatu: "Inakaa wapi?"

Ilikuwa imesukumwa hadi ukutani, karibu na mlango, mahali ambapo vumbi letu jekundu linaingia kiangazi chote. Fundi alipitisha brashi ndani, likatoka vumbi la kujaza kikombe.

Hakuna aliyesema neno. Mzee mmoja ndiye aliyevunja kimya, akasema, "Basi aliyeharibu tumempata." Tukacheka, lakini kicheko cha mtu aliyekosa.

Matengenezo ya pili yalikuwa shilingi 18,000. Safari hii tulitoa sisi walimu mfukoni mwetu, kidogo kidogo kwa miezi miwili, na fundi akatuvumilia. Leo ni mwezi wa kumi na nne na televisheni haijarudi kwake. Tunayofanya ni haya, na yeye ndiye aliyetufundisha.

Tuanze na jenereta. Tunaiwasha kwanza, tunaiacha dakika tatu au nne itulie, ndipo tunawasha televisheni. Wakati wa kumaliza tunazima televisheni kwanza, tunachomoa waya, halafu tunazima jenereta. Petroli ikibaki kidogo tunakatisha somo. Wanafunzi wanalalamika, ila tunawaambia afadhali kukosa dakika kumi kuliko kukosa mwaka. Mkiweza kuchangia stabilaiza, chagueni inayochelewa kidogo kupitisha umeme inapowashwa. Inasaidia umeme unapoyumba. Lakini msiitegemee kwa radi.

Tukiwa hapo, soketi. Ile ya kuunganisha watu wengi, simu sita na pasi, siyo mahali pa televisheni. Plagi inayolegea inatoa cheche ndogo, na kila cheche ni umeme kukatika na kurudi. Plagi ikiwa ya moto ukiigusa, au soketi imebadilika rangi ikawa kahawia, hiyo ibadilishwe kabla ya kitu kingine.

Joto ni adui anayeua polepole. Ndani kuna vikopo vidogo, ndizo hizo kapasita, vyenye maji maji yanayokauka kadiri siku zinavyokwenda. Joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu. Kwa hiyo acheni nafasi ya kiganja kizima nyuma na pembeni, na juu muache wazi. Akina mama, kitambaa chenu hatukikatai, kinapendeza. Kitoeni kabla ya kuwasha, na baada ya kuzima subirini nusu saa chombo kipoe ndipo mkifunike. Hapo kitambaa kinageuka kuwa msaada, kinazuia vumbi. Mama wa televisheni yetu sasa ndivyo anavyofanya, na kitambaa ni kile kile.

Vumbi peke yake ni blanketi, linatunza joto. Likipata unyevu wa masika ni hatari zaidi. Televisheni ya chogo yenye rangi inatumia ndani yake umeme unaofika zaidi ya volti 20,000, na umeme wa namna hiyo unavuta vumbi kwake. Vumbi likiloa linapitisha umeme, ndipo unaposikia ile sauti ya tss-tss mvua zikianza. Ukiisikia, zima, mpelekee fundi. Ikiwa imenyeshewa, au imetoka mahali pa baridi na unyevu, iache siku nzima ikauke kabla ya kuijaribu.

Na hapa tunawasihi kwa sauti kubwa: msiifungue wenyewe. Hata ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, ndani umeme unaweza kubaki wa kumtupa mtu mzima chini, hata kumuua. Usafi wa ndani ni wa fundi, mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Ninyi futeni nje, kwa kitambaa kikavu, na televisheni ikiwa imezimwa. Msitumie petroli wala spiriti, na msimwage maji kwenye kioo.

Radi mnaijua. Wengi wetu tumetoka kwenye milima ya mashariki ya Kongo, ambayo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi nyingi zaidi. Wingu likianza kunguruma, haitoshi kuzima kwa rimoti. Chomoeni waya wa umeme na waya wa antena au wa dishi, wote wawili, maana radi haichagui mlango. Fanyeni hivyo mapema, radi ikiwa mbali. Ikishafika juu ya nyumba msiziguse tena zile nyaya.

Wenye televisheni bapa wanatuuliza kama na wao yanawahusu. Yanawahusu yote, pamoja na machache zaidi. Ugonjwa wake wa mara kwa mara ni taa za nyuma ya kioo kufa: sauti ipo, picha hakuna. Mulika tochi karibu na kioo gizani. Ukiona picha hafifu, ni taa. Zikishabadilishwa, ingieni kwenye mipangilio mpunguze mwanga wa nyuma, nusu inatosha kwa chumba cha usiku. Taa zikiwaka kwa nguvu zote zinapata joto na kufa mapema. Kioo chake ni laini, mtoto asikibonyeze, na mkiihamisha ibebwe ikiwa imesimama, isilazwe. Ya chogo nayo ibebwe na watu wawili, upande wa kioo uelekee kifuani, kwa sababu uzito wake wote uko mbele na shingo yake nyuma ni nyembamba kama ya kuku. Spika kubwa ya redio isikae karibu nayo, sumaku yake inachafua rangi.

Wenye sola na televisheni ya volti 12, msiiunge moja kwa moja kwenye paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12, jua likiwa kali na haina mzigo, inaweza kutoa zaidi ya volti 20. Ipitie kontrola na betri. Na kabla ya kuunga, angalieni chanya na hasi mara mbili, kwa sababu kuzikosea mara moja kunaweza kuwa mwisho wa chombo.

La mwisho ni juu ya kwenda kwa fundi. Msiulize bei tu. Muulizeni: kilichoharibika ni nini, na kilichokiharibu ni nini? Fundi anabadilisha kilichoungua. Kilichounguza mara nyingi kiko nyumbani kwako, na usipokiondoa kinakungoja. Mwombeni awape kifaa cha zamani mkione. Mwombeni aiwashe saa moja au mbili mbele yenu kabla ya kuichukua. Andikeni tarehe, kilichobadilishwa na pesa mliyolipa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama tungekuwa na daftari na maswali hayo mawili siku ya kwanza, tusingelisema tuliyoyasema.

Darasani sasa kuna karatasi ukutani yenye kanuni hizi, na kila wiki mwanafunzi mmoja anakuwa mlinzi wa swichi. Wiki iliyopita alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili. Mwalimu mmoja alitaka kumalizia sehemu ya mwisho ya somo na petroli inaisha. Yule mtoto alisimama, akasema, "Mwalimu, kanuni ya pili," akazima. Tulikaa gizani tukicheka, na mwalimu akacheka kuliko wote.

Sasa deni. Papa fundi, tulikwenda nyumbani kwako kuomba radhi, na wewe ukatupa viti na uji. Lakini kosa tulilifanya hadharani, bombani, na msamaha wa ndani ya nyumba haulipi deni la hadharani. Ndiyo maana tumeandika hapa, ambapo familia zote zitasoma, na wasiojua kusoma watasomewa. Hukuiba kitu. Ulifanya kazi yako sawasawa, sisi ndio tuliyoiharibu. Tunaomba utusamehe, pamoja na mkeo na watoto.

Nanyi ndugu wawili mliochukua redio zenu kwa sababu ya maneno yetu, tafadhali zirudisheni kwake. Yeye hatawasema. Na wazazi wa zile familia 50, njooni jioni mtakapopata nafasi muone watoto wanavyosoma. Televisheni inawaka. Kitambaa tumekikunja pembeni.

Ni sisi walimu wenu wa masomo ya jioni.