Soja wa Kichakani

Huku kwetu Konoin, kila mdudu mweusi anayekimbia chini ni mende. Ukisema "mbawakawa" watu watakuuliza umelitoa wapi neno hilo, na mimi nililitoa kwa kamusi. Mende wa jikoni ni bapa, laini, na mbawa zake hulaliana. Mbawakawa ana mbawa mbili za juu zilizokuwa ngumu kama gamba, zikakutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka. Huhitaji darubini kuona tofauti hiyo. Lakini anayeingia jikoni usiku na gambuti mguuni haangalii mstari wa mgongo. Wote wawili hukanyagwa.

Mama pekee ndiye humwita mmoja wao kwa jina. Humwita Soja, kwa sababu hulala mchana na kuzunguka usiku, na kwa sababu, anavyosema, "hakuna kitu ya mtu ameiba."

Soja ni mkubwa kwa mdudu, karibu sentimita 4. Ni mweusi kutoka kichwani hadi miguuni, weusi wa sufuria iliyokaa kwenye kuni. Kichwa ni chembamba na kimetangulia mbele, kifua kina pembe pembe, halafu mgongo unapanuka kama mtungi. Mgongoni kuna matuta marefu yaliyopangana kutoka mbele kwenda nyuma, na katikati ya matuta kuna mashimo madogo, kama shamba lililolimwa kwa mistari kisha likanyeshewa na mvua ya mawe. Miguu ni mirefu na mikavu. Kando ya mdomo ana vigusio vinavyoishia kwa upana, mfano wa shoka dogo. Ukimshika anatoa harufu kali inayokaa kidoleni hata baada ya kunawa. Na hata umfukuze vipi, haruki. Zile mbawa ngumu zimeshikana, na chini yake hakuna mbawa za kurukia. Popote anapokwenda, anakwenda kwa miguu.

Shamba letu linaanzia barabarani na kuteremka hadi kwenye kijito kinachoingia Kipsonoi. Juu kuna nyumba, katikati kuna majani chai, na chini kabisa kuna kichaka cha kama robo ekari: tebeswet, emitiot mmoja mzee, mianzi kidogo, na mikaratusi iliyopandwa upande wa juu na marehemu baba. Soja anaishi chini ya tebeswet. Majani ya mti huo huanguka mengi na kuoza haraka, na chini yake kuna unyevu mwaka mzima, hata Januari wakati chai yenyewe inalia. Pale ndipo kuna konokono, na konokono ndio chakula chake. Huingiza kile kichwa chembamba ndani ya gamba na kula mwenye nyumba akiwa ndani.

Likizo mbili nilishuka huko usiku na tochi, nikahesabu. Chini ya tebeswet nilikuwa nakuta watatu, wanne, usiku mmoja hata saba. Chini ya mikaratusi sikumkuta hata mmoja. Ndani ya chai nilimkuta mara chache, na hakuwahi kupita safu ya tatu kutoka kichakani. Kwa mtu, safu tatu za chai ni hatua chache. Kwake ni mpaka.

Wakipsigis tulikuwa na namna yetu ya kupanga viumbe kabla ya vitabu. Kila ukoo, yaani oret, una mnyama wake, tiondo, ambaye watu wa ukoo huo humheshimu na hawamuui. Simba ana watu wake. Tembo pia, na nyuki, na chura. Watu wa Toiyoi wana mvua na siafu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema wazee waliwadharau wadudu: siafu ni ndugu ya mtu. Nilimuuliza kogo, nyanya yangu, ni ukoo gani wenye huyu mweusi wa kichakani. Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo hana watu, lakwet."

Basi nikamtafutia watu. Siku moja Mama alimkuta mmoja amefia ndani ya ndoo ya maji, akamtoa kwa kijiti na kuniwekea. Nilimtia kwenye mkebe wa majani chai, nikamfunika kwa karatasi ya choo, nikapanda matatu hadi Nairobi. Kwenye Makumbusho ya Taifa, ambayo mizizi yake ni chama cha wapenzi wa viumbe kilichoanza ukusanyaji mwaka 1910, mtaalamu mmoja wa wadudu alimpokea kama mgeni aliyekuwa akitarajiwa.

Hakuanza na rangi wala ukubwa. Alimgeuza tumbo juu. "Angalia nyonga za miguu ya nyuma," akasema. Zimeshikamana na mwili na kurudi nyuma mpaka zikaikata pingili ya kwanza ya tumbo vipande viwili. Huo ni muhuri wa kundi zima liitwalo Adephaga, walaji. Kisha akanionyesha mguu wa mbele, mahali palipo na pengo dogo lenye vinyweleo. Ni kitana. Mdudu hupitisha papasi zake hapo kuzisafisha, moja baada ya nyingine, kwa sababu papasi ndizo pua yake. Familia ni Carabidae, mbawakawa wa ardhini, wenye spishi takribani 40,000 duniani. Jina hilo linatokana na Carabus, jina ambalo Carl Linnaeus aliliweka kitabuni mwaka 1758. Jenasi ni Tefflus, ambayo ni ya Afrika.

"Na spishi?"

Hapo akanyamaza kidogo. Kutenganisha ndugu wa karibu, akasema, mara nyingi lazima upasue dume na kulinganisha viungo vyake vya uzazi na vya wale waliohifadhiwa. Huyu wetu alikuwa jike. Kwa hiyo lebo ikaandikwa jenasi tu. Chini yake: Konoin, Bomet, mwinuko, tarehe, kando ya kijito, chini ya tebeswet. Akaniuliza nani aliyemkusanya. Nikamtajia Mama, majina yote matatu, akayaandika kwa herufi ndogo sana na kalamu nyembamba. Mama alichuma chai ya kampuni miaka 22, na kwenye karatasi za mizani kule alikuwa namba.

Mtaalamu huyo ndiye aliyenipa kisa cha Hawaii. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki alifikishwa visiwani humo mwaka 1936, akazaana na kula mashamba. Katika miaka ya 1950 wakaanza kumtafutia adui zake, na kati ya waliosafirishwa kutoka Kenya walikuwemo mbawakawa wa jenasi hii hii. Konokono mkubwa yuko Hawaii mpaka leo. Mwaka 1955 wakaleta konokono mlaji kutoka Florida, naye akawageukia konokono wadogo wenyeji, akawamaliza wengi kabisa. Nilitafakari kisa hicho njia nzima ya kurudi. Watu walimwona mdudu kama chombo ambacho unaweza kukibeba ukakitumie popote. Lakini Soja bila tebeswet, bila majani yale yaliyooza na unyevu wa kijito, ni gamba tu lenye miguu sita.

Nilikuwa na sababu ya kufikiria hivyo. Kaka yangu mkubwa alikuwa amesema kichaka kikatwe, chai ifike kwenye maji. Watoto wake watatu wako sekondari, na chai ndiyo inayolipa: kidogo kila mwezi kwa kilo, halafu bonasi mara moja kwa mwaka. Robo ekari ni miche mingi. Na nchi hii yote imetengenezwa hivyo. Kampuni zilipokuja Kericho miaka ya 1920 zilikuta misitu na malisho ya watu. Mwaka 1986 serikali ilianza kupanda ukanda wa chai, Nyayo, pembeni mwa misitu ili kuulinda msitu usivamiwe. Hata ulinzi wa miti huku kwetu ni chai.

"Sasa hiyo mende yako," kaka akaniambia mbele ya Mama, "italipa karo?"

Sikuwa na jibu la pesa. Nilimwambia nilichohesabu: saba chini ya tebeswet, sufuri chini ya mikaratusi. Nikamwambia haruki, kwa hiyo tukimkatia hapo hana pa kuhamia. Kaka akasema hata yeye hana pa kuhamia.

Mama hakusema neno jioni ile. Asubuhi alichukua kamba ya katani na vijiti, akateremka, akatuita wote wawili. Alivuta kamba chini ya mkaratusi wa mwisho. "Juu ya kamba, kata, panda," akamwambia kaka. "Chini ya kamba, ni ya maji."

Mikaratusi imeuzwa kuni kwenye kiwanda, na miche imeshika. Kaka alipata kama nusu ya alichotaka, na hati ya shamba bado iko kwa jina la marehemu baba. Husema hivi akipita na kikapu mgongoni, kwa sauti ya kutosha nimsikie: "Mende wako na taito. Mimi bado nangoja."

Aprili, mvua ilipoanza, nilishuka tena na tochi. Nilihesabu wanne. Mmoja alikuwa amepita kamba, katikati ya miche ambayo bado ni mifupi, akielekea juu.