Rangi ya Kamera ya Baba

Akina mama wenzetu, kuna zawadi tuliyoitoa nyumbani kwetu kwa nia njema kabisa, na hadi leo tukiikumbuka, mimi na mume wangu, tunainamisha vichwa.

Marehemu baba mkwe alikuwa mpiga picha hapa Moshi. Kamera yake ilikuwa Leica II, aina iliyoanza kutengenezwa mjini Wetzlar, Ujerumani, mwaka 1932. Aliinunua mwaka 1958 kwa Mjerumani aliyekuwa akirudi kwao, na harusi na vipaimara vingi vya mtaa wetu alivipiga kwa kamera hiyo.

Ni kamera ndogo, lakini ukiishika inatulia mkononi kama jiwe la mtoni. Kiunoni imevikwa ganda gumu jeusi lenye vipele vidogo, lisiloteleza hata kwa jasho. Juu na chini ni shaba ya njano iliyopakwa rangi nyeusi ing'aayo. Rangi ile haidumu mahali panaposhikwa sana. Huanza kuondoka kwenye pembe, shaba ikachungulia, ikaendelea kupanuka mwaka hadi mwaka. Kwenye ile ya Baba uliona kabisa alipozoea kuweka kidole gumba. Hatukujua kwamba wapenzi wa kamera za zamani huthamini zaidi nyeusi iliyochakaa hivyo kuliko iliyopakwa upya. Kwetu sisi ilikuwa kamera iliyochubuka.

Nyuma ina vitundu viwili. Katika cha kwanza bibi harusi huonekana wawili. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja, ndipo unahamia kitundu cha pili kupanga picha. Filamu huingizwa kwa chini, baada ya kuvua kitako chote na kuikata filamu ncha yake kwa mkasi. Kazi hiyo ya mkasi ilikuwa ya Mama. Siku za harusi alikaa kando ya Baba na mkasi wake kwenye kikapu.

Siku hizi Mama anakaa nasi. Presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu. Basi ilipokaribia Krismasi tukaona tumfurahishe: tukapeleka kamera kwa fundi wa rangi mjini. Ikarudi inang'aa kama sufuria jipya. Tukamwekea mapajani.

Aliigeuzageuza. Kidole chake kikaenda moja kwa moja mahali pale, kikateleza. Kikarudi tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya Baba, Mama."

"Ya baba yenu ninaijua, wanangu. Hii si yake."

Mmoja wetu akaanza kueleza, mwingine akamkatiza. Mama hakugomba. Aliturudishia tu, akaomba apelekwe akalale, na chakula cha sikukuu hakukigusa. Usiku ule, tuseme ukweli, kila mmoja alimtupia mwenzake lawama kuhusu nani aliyeleta wazo lile. Tulilala tumepeana migongo.

Karibu na alfajiri tukakumbuka kitako. Kabla ya kuipeleka kamera tulikivua kutazama kama kuna filamu imebaki, tukakisahau kwenye droo. Fundi hakukiona, wala sisi hatukukiulizia.

Tulikipeleka pamoja na chai. Mama alikipapasa kwa kiganja kizima, polepole, pale rangi ilipoisha na shaba kubaki laini, akafika kwenye kale kafunguo ka kufungulia, akakazungusha bila kutafuta. Kisha akacheka, machozi yakimtoka.

"Kumbe mlinibakizia kitako!"

Anakilaza chini ya mto wake. Kamera yenyewe iko kabatini, inang'aa, wazi kwa chini, naye hajaiulizia tena.